Mama, Yajue Maji Yanakokwenda

Ilikuwa yapata saa nne usiku, katikati ya mvua za masika, alipoingia wodini mama mmoja kijana amembeba mwanawe wa miezi 14. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Lakini hakuwa amelegea kama tulivyozoea kuwaona watoto waliopungukiwa maji. Alikuwa mkali, akilia kwa sauti nyembamba na kukinyakua kikombe cha maji kwa kiu isiyo ya kawaida. Nilipomfinya ngozi ya tumbo niliikuta laini kama unga wa maandazi uliokwisha kukandwa. Kabla hatujamaliza kuandika jina lake, akashikwa na degedege.

"Mama, umempa nini mtoto?" nilimwuliza.

"Nimempa dawa ya pakiti, nesi. Ile uliyonipa wewe mwenyewe juzi kliniki."

"Uliichanganya vipi?"

"Niliimimina yote kwenye kikombe. Niliona nikiitia kwenye maji mengi itazimuka. Nilitaka iwe na nguvu, apone upesi."

Akina mama wenzangu, maneno yale yalinichoma moyo. Ni kweli, mimi ndiye niliyempa pakiti ile ya ORS. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, na mimi nikamwambia tu, "Changanya na maji safi, umnyweshe mara kwa mara." Sikumwuliza nyumbani ana chombo gani cha kupimia. Sikumwonyesha. Na zaidi ya yote, sikumweleza kwa nini maji yale lazima yawe lita moja kamili.

Mtoto yule alipona. Daktari alimrejeshea maji mwilini polepole, kwa muda wa siku mbili, maana hata kuyarudisha kwa haraka kungeweza kumdhuru. Mama yake alikaa kando ya kitanda bila kulala, akijilaumu kwamba alikaribia kumwua mwanawe kwa mkono wake. Nami nilijua kwamba lawama ile haikuwa yake peke yake.

Tangu usiku ule niliamua kwamba sitampa mama yeyote amri bila kumpa na sababu. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya maji na jinsi yanavyotembea. Maji hayaendi kwa bahati. Yapo mambo matatu yanayoyaongoza: kukolea kwa kile kilichoyeyuka ndani yake, mwinamo wa ardhi, na aina ya udongo. Watoto wetu hufundishwa mambo haya shuleni katika somo la sayansi, wakayaandika daftarini na kuyasahau. Lakini kwa mama mwenye mtoto mchanga, mambo haya matatu ni uhai.

JARIBIO LA JIKONI

Tuanze na kukolea. Chukua kiazi mviringo kimoja, ukimenye na kukikata vipande vyembamba. Weka bakuli mbili mezani. Katika bakuli la kwanza tia maji matupu. Katika la pili tia maji kiasi kile kile, kisha ukoroge ndani yake vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Tia vipande vya kiazi kila upande, uendelee na kazi zako kwa muda wa saa moja.

Ukirudi, vipande vilivyokuwa katika maji matupu vitakuwa vigumu, ukivikunja vinavunjika. Vile vya maji ya chumvi vitakuwa vimelegea kama kitambaa. Kumetokea nini? Maji yaliyokuwa ndani ya kiazi yametoka na kuifuata chumvi iliyokuwa nje.

Jambo hili si geni kwako. Ukitia chumvi kwenye kachumbari mapema, wageni watakuta bakuli limejaa maji ambayo hukuyatia wewe. Maji hayo yametoka ndani ya nyanya na vitunguu. Na mchicha uliosinyaa ukiulowesha katika maji matupu, hurudi kusimama. Kanuni ni moja: penye utando mwembamba, maji huupenya kutoka upande usiokolea kwenda upande uliokolea zaidi. Wataalamu huita mwendo huu osmosisi.

Sasa fikiria utumbo wa mtoto. Ukuta wake ni utando. Upande mmoja kuna damu, na upande wa pili kuna kile alichokunywa. Kama alichokunywa kimekolea kuliko damu, maji yatatoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto ataharisha zaidi. Mama anadhani anaongeza maji, kumbe anayavuta nje.

Tuweke hesabu kidogo. Katika kipimo cha ukolezi ambacho hutumika hospitalini, damu yetu iko karibu na 290. ORS ya zamani ilikuwa 311. Tangu mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani linapendekeza ORS isiyokolea sana, yenye kipimo cha 245, yaani chini ya damu, ili maji yaingie mwilini kwa urahisi. Pakiti ya lita moja ukiitia katika kikombe cha robo lita, ukolezi huongezeka mara nne na kufika 980. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya damu!

Hatari haiishii tumboni. Chumvi ile nyingi huingia katika damu, na damu nayo ikishakolea huvuta maji kutoka viungo vingine, hata ubongo. Hapo ndipo linapotoka degedege. Ndivyo alivyopatwa mtoto wa mama yule.

Kwa sababu hiyo hiyo, soda si dawa ya kuhara. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari kiasi cha gramu 30 au zaidi, na chumvi karibu haimo kabisa. Kumpa soda mtoto anayeharisha ni sawa na kuongeza ufa katika mtungi unaovuja.

SUKARI NA CHUMVI HUINGIA PAMOJA

Huenda ukauliza, kama chumvi na sukari huvuta maji, kwa nini basi tunavitia katika ORS? Hili nalo ni jambo la ajabu katika maumbile yetu. Mwaka 1960, mwanasayansi aitwaye Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo kuna mlango mdogo ambao sukari ya glukosi na chumvi huupita pamoja. Glukosi ikiingia, huingia na chumvi. Na vyote viwili vikishaingia mwilini, maji huvifuata. Mlango huu huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha vibaya. Ndiyo sababu chumvi peke yake haitoshi, wala sukari peke yake haitoshi. Na kila kimoja kinahitaji kuwa katika kipimo chake.

Ujuzi huu uliokoa watu wengi mwaka 1971. Wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi ya Bongaon. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwa vipimo, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu wagonjwa 30 katika kila 100 vikashuka hadi chini ya wanne. Walioshika vikombe vile hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, dada na shangazi.

Baadaye, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wafanyakazi nyumba hadi nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji haya wenyewe. Walizifikia kaya zaidi ya milioni 12. Kilichonigusa mimi ni hiki: malipo ya wafanyakazi wale yalitegemea jinsi mama waliofundishwa walivyokumbuka somo. Kwao, kufundisha kulihesabiwa pale tu mama alipoelewa. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka ile foleni ya kliniki, nikaona haya.

TULICHOKIKUTA NYUMBANI KWAKE

Wiki tatu baada ya mtoto kuruhusiwa, tulikwenda kumtembelea mama yule, mimi na wenzangu wanne wa kikundi cha akina mama kanisani. Tulibeba sabuni, sukari na unga, kama ilivyo desturi. Alitupokea kwa furaha. Mtoto alikuwa anasimama kwa kushika ukuta.

Tukiwa katika mazungumzo akasema, "Lakini, mama, hapa kwetu kuharisha hakuishi. Kila masika watoto wa nyumba hii wanaugua. Maji yetu ni meupe kabisa, angalieni."

Akatuletea kikombe. Kweli, maji yalikuwa meupe kama machozi. Nikamwomba anionyeshe kisima. Tulishuka naye nyuma ya nyumba, nikatazama juu nilikotoka. Choo cha shimo kilikuwa pale juu ya kilima. Kisima kilikuwa chini yake, hatua 12 tu, nilizihesabu mwenyewe. Na udongo wote pale ulikuwa kichanga.

Nilisimama nikanyamaza. Nilikuwa nimemtibu mtoto yule kwa ukolezi, na hapa nyumbani mwinamo na udongo vilikuwa vinaandaa ugonjwa mwingine.

MWINAMO WA ARDHI

Kwamba maji huteremka kila mtu anajua. Tunalolisahau ni kwamba hata maji yaliyo chini ya ardhi, tusiyoyaona, mara nyingi nayo hufuata mwinamo. Mvua ikinyesha, huingia ardhini kuzunguka shimo la choo, huchukua uchafu, kisha huteremka taratibu kuelekea bondeni. Kama kisima kipo njiani, kitapokea yote. Pale ambapo mlima ni mkali, maji ya juu ya ardhi nayo hukimbia kwa kasi na kumwagikia kisimani moja kwa moja, hasa kisima kisicho na ukingo wala mfuniko.

Kwa hiyo kisima kiwe upande wa juu na choo upande wa chini. Kati yao pawe na umbali usiopungua mita 30, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Tena, chini ya shimo la choo, kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini, pabaki udongo mkavu wa mita moja na nusu au zaidi, hata wakati wa masika ambapo maji hupanda.

AINA YA UDONGO

Umbali huo wa mita 30 si sawa kila mahali, kwa sababu udongo hautofautiani kwa rangi tu. Fanya jaribio la pili pamoja na watoto wako. Tafuta makopo matatu yanayolingana, uyatoboe matundu chini kwa msumari. Moja lijaze kichanga, la pili udongo tifutifu wa bustanini, la tatu udongo mfinyanzi. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo, mhesabu pamoja.

Katika kichanga maji yatapita upesi, pengine kabla hamjafika mbali katika kuhesabu. Katika tifutifu yatachelewa. Katika mfinyanzi yatatuama juu na kushuka kwa shida. Sababu ni ukubwa wa chembe. Chembe za mchanga tunaziona kwa macho, na baina yake kuna nafasi. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na njia baina ya chembe hizo ni finyu mno.

Udongo wenye chembe ndogo huchuja. Vijidudu hunaswa njiani na wengi hufa kabla ya kufika mbali. Kichanga huyapitisha maji haraka na vijidudu vikiwa bado hai. Na kwetu pwani, penye mawe ya matumbawe, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji hupita katika nyufa za mawe bila kuchujwa hata kidogo. Mahali kama hapo, mita 30 huenda zisitoshe, na ni vizuri kumwita afisa afya apaone kabla ya kuchimba.

Usidhani mfinyanzi hauna shida. Kwa kuwa maji hayazami, choo hujaa wakati wa mvua na kumwagika juu ya ardhi. Hapo mwinamo hushika kazi tena.

Na kumbuka: weupe wa maji si usafi wa maji. Mchanga huzuia takataka zinazoonekana, lakini vijidudu ni vidogo mno, hupita.

KISA CHA LONDON

Nilimsimulia mwenye nyumba, mzee mmoja mpole lakini mgumu wa kushawishika, kisa cha mji wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja, kuzunguka bomba la kupampu la Broad Street. Maji yake yalisifiwa na wengi waliyapenda. Daktari John Snow alisema ugonjwa umo ndani ya maji hayo. Kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakukubaliana naye. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba, kwa waumini wake mwenyewe, ili aonyeshe kwamba daktari amekosea.

Alichokigundua kilimgeuza. Katika nyumba namba 40, hatua chache tu kutoka kwenye bomba, mtoto mchanga alikuwa ameharisha kabla ya wengine wote. Mama yake alifua nepi, akamwaga maji katika karo lililokuwa mbele ya nyumba. Wachunguzi walipochimba walikuta matofali ya karo lile yameoza, na kati yake na kisima kulikuwa na pungufu ya mita moja ya udongo uliolowa uchafu.

Mama yule hakufanya kosa lolote alilolijua. Alikuwa anamwuguza mwanawe. Alichokosa ni mtu wa kumwambia maji yale yanakwenda wapi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kisima hiki tumekinywa tangu enzi za baba yangu."

"Ni kweli, mzee wangu," nilimjibu. "Na choo hicho kilichimbwa lini?"

Akafikiri. "Baada ya wapangaji kuongezeka."

Sikuongeza neno. Nilichukua ndoo ya maji, nikaimwaga taratibu kando ya choo, tukayatazama yakishuka. Sehemu yalizama mchangani kwa kufumba na kufumbua, na yaliyobaki yakachora mfereji mwembamba kuelekea kisimani. Mzee akakuna kidevu.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalibadilika siku ile. Choo kipya kilichimbwa kiangazi, upande wa chini, baada ya majadiliano mengi na michango ya wapangaji. Cha zamani kilifukiwa. Lakini ardhi haijisafishi kwa siku moja, kwa hiyo mpaka leo maji ya kunywa katika nyumba ile huchemshwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto akiharisha, anza na ORS ya pakiti. Soma maandishi: kuna pakiti za lita moja na kuna za kiasi kidogo zaidi. Pima maji kwanza, ndipo utie unga wote. Chupa ya maji ya kununua, ya lita moja, ni kipimo kizuri.

2. Kama pakiti hakuna, tia katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa kwa kisu, si vya kurundika. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya.

3. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi.

4. Mchanganyiko uliokaa saa 24 umwagwe.

5. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituoni omba pia vidonge vya zinki, vinavyotolewa kwa siku 10 hadi 14.

6. Mkimbize hospitali ukiona hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, utosi umebonyea, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, au kinyesi kina damu. Usingoje asubuhi.

7. Maji uliyofulia nepi za mtoto anayeharisha yamwage chooni, kamwe si karibu na kisima.

8. Leo hii, kabla jua halijazama, simama nyuma ya nyumba yako. Tazama choo kiko wapi, kisima kiko wapi, ardhi inainamia upande gani, na udongo ni wa namna gani.

Siku hizi kliniki ninaweka mezani chupa ya lita moja, bakuli mbili na kiazi. Foleni inachelewa kidogo, na wapo wenzangu wanaonung'unika. Mwezi uliopita alikuwapo pale yule mama kijana, amekuja kumpima mtoto uzito. Mama mwingine aliyekaa karibu naye alipokea pakiti, akauliza kama akipunguza maji dawa haitakuwa na nguvu zaidi.

Kabla sijafungua kinywa, yule mama alimgeukia. "Dada yangu, usithubutu," akamwambia. "Nguvu ya dawa hii ni maji yake." Kisha akachukua chupa pale mezani, akaanza kumwonyesha.

Mungu azilinde nyumba zenu na watoto wenu.